Kiti cha Mzee Barasa

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, Metrine Nekesa Barasa anafunga miaka ishirini na mmoja ya kazi katika nchi hii, kumi na miwili Riyadh na tisa hapa Jeddah. Siku hiyo hiyo anaachia uenyekiti wa Umoja wetu wa wafanyakazi, Mkono kwa Mkono, alioubeba miaka yote tisa bila kuutua chini. Jumapili atakuwa ndani ya ndege. Wanaotaka kulia walie mapema, kwa sababu siku yenyewe tutakuwa na nyama, na mimi sipendi pilau iliyotiwa chumvi kwa machozi.

Nimeambiwa wasifu wa mstaafu huandikwa na mtu wa shule. Shule mimi niliiona kwa nje. Ivy, msichana wa Umoja wetu, anashika simu, na mimi, Shosho, bibi yenu mpishi, nasema, na pale Kiswahili kitakaponyooka kupita kiasi mjue ni yeye. Lakini Metrine amekula juu ya paa langu hapa Hindawiyah tangu wiki aliyoingia Jeddah. Sasa ni nani atakayemsimulia kunishinda?

Metrine ni mtoto wa Kimilili, Bungoma, kwa mzee mmoja aliyependa ng'ombe kuliko alivyopenda watu, na watu hawakumlaumu maana ng'ombe wake walikuwa wazuri. Kanisani kwao vijana wa kuimba besi walikwisha wote kwenda mjini, basi mwalimu wa kwaya akamvuta msichana huyu mfupi akamwambia ashuke chini na sauti yake. Akashuka. Hakupanda tena. Sauti hiyo ya Metrine, wale ambao hawajaisikia, fikirieni pipa tupu linalobingirishwa kwenye sakafu ya saruji. Ndiyo hiyo. Akisema "habari ya asubuhi" vikombe kabatini vinaitikia.

Mwaka 2004 alifika Riyadh kwa kazi ya nyumba, kwa Madam Nawal. Amemlelea watoto wanne. Wa mwisho sasa ana ndevu na gari lake mwenyewe, na bado anaingia jikoni akiita "Mitrin, Mitrin" akitaka mandazi. Hayo mandazi yana hadithi yake. Ramadhani ya kwanza Metrine aliyapika kwa woga, akayaweka pembeni ya sambusa. Ramadhani ya tatu Madam alikuwa akiwaambia wageni kwamba ni mapishi ya marehemu mama yake. Metrine alisikia akiwa mlangoni na sinia mkononi, akaingia akawagawia wageni. Baadaye akatuambia, "Nikasema wacha, angalau mandazi yamepata uraia."

Desemba ya mwaka 2015 ndipo wanawake wa nchi hii walipopiga kura kwa mara ya kwanza, kura za mabaraza ya miji, na Madam Nawal akaenda. Picha za wagombea hazikuruhusiwa mwaka ule, si za wanaume wala za wanawake. Aliporudi alikuwa amechangamka kama msichana aliyetoka harusini. Akaja moja kwa moja jikoni. "Mitrin, leo nimemchagua mtu ambaye sijapata kuuona uso wake. Nimesoma tu anachotaka kufanya." Metrine, mdomo wake mnaujua, akauliza, "Na ungemwona, Madam?" Madam akafikiri, akacheka, akasema, "Labda ningebadilisha." Metrine akarudi kwenye sahani zake. Lakini neno lile hakulimwaga pamoja na maji ya sahani. Mtaliona mbele.

Sasa tuje kwa Mzee Barasa.

Umoja wetu wakati huo ulikuwa ni sauti tu za WhatsApp, na mkutano wa Ijumaa juu ya paa langu kwa walioweza kutoka. Elphas, dereva wa familia moja kule Rawdah, ndiye aliyekaimu uenyekiti. Metrine alikuwa Riyadh, hajawahi kuonwa na mtu. Jina lake kwenye simu aliandika "Barasa" peke yake, jina la baba, na mahali pa picha akaweka fahali wao wa nyumbani, mweusi, mwenye nundu na pembe za kutisha. Ukichanganya jina hilo, fahali huyo na sauti ile ya pipa, utapata nini? Mtu wa Jeddah alipata mzee wa boma, mwenye kitambi na fimbo.

Na mzee huyo alikuwa na maneno! Mtu akiuliza afanye nini kafili, yaani mwajiri wake, amekaa na ikama yake, kile kibali cha kuishi, Barasa anajibu kabla chai haijapoa. Msichana akilia kwamba hajui atamwambiaje madam wake anaumwa, Barasa anampa sentensi ya Kiarabu ya kumeza vilevile ilivyo. Watu wakawa wanasema, "Ngojeni Mzee Barasa aseme." Wanaume wazima walimwita mzee, naye akaitikia, kwa maana kwao Bungoma mtu akikuita mzee amekuheshimu tu, hajakupima suruali.

Mwaka 2016 ulipofika wa kuchagua mwenyekiti wa kweli, jina lilikuwa moja. Elphas mwenyewe alitangaza kwa sauti: "Mimi napisha. Umoja huu unataka dume la kusimama mbele ya watu, na dume hilo ni Barasa wa Riyadh." Vidole gumba vikamiminika. Na bahati ikaangukia hapo hapo, mume wa Madam akahamishiwa kazi Jeddah, nyumba nzima ikahamia Rawdah. Barasa akatuma ujumbe mfupi: "Ijumaa nakuja."

Elphas alipiga pasi shati lake la harusi. Mimi nikapika. Wakati huo tulikaa kwa kujitenga, wanaume upande wa matangi ya maji, akina mama nyuma ya shuka langu la maua tulilolitundika kwenye kamba. Mbele ya wanaume wakaweka kiti kimoja, kile changu chenye mikono, wakakitandikia taulo jipya, na soda pembeni.

Akatokea ngazini mwanamke mfupi, mweusi tii, ndani ya abaya iliyomzidi urefu, mfuko wa mandazi mkononi. Anahema kwa ngazi. Elphas akamwonyesha njia kwa adabu zote. "Karibu mama, upande wa akina mama ni kule nyuma ya shuka."

Mwanamke akatazama kiti. "Na hiki mmemwekea nani?"

Ile sauti! Nilishika ukingo wa tangi. Nikaona nyuso zikigeuka moja baada ya nyingine, kama kuku waliosikia mlio wa mwewe.

"Cha Mzee Barasa," Elphas akasema, na sauti yake yeye ni nyembamba, mnaijua, kama ya mwanambuzi.

"Basi Mzee amefika," Metrine akasema, akaketi, akafungua soda kwa meno.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilicheka peke yangu. Mtu yule yule waliyekuwa wakimlilia kila siku, maneno yale yale, sauti ile ile, na hakuna aliyesogea kumpa mkono. Niliona kwa macho yangu heshima ikiwatoka watu kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wakaanza kunong'ona. Wakamwita Elphas pembeni, nyuma ya matangi, na kwa kuwa paa langu si kubwa kila neno lilifika.

"Mwanamke hatuna shida naye," walisema. Anayesema hivyo ana shida naye. "Lakini huyu atatusemea wapi? Akiingia ofisini watamtuma alete chai."

Elphas akaja na hoja yake, na nitamtendea haki, haikuwa hoja ya mjinga. "Sisi tuko kwa watu," alisema. "Ofisini wanaangalia uso kwanza. Tumtafute anayefanana nao kidogo." Na macho yote yakamwangukia Twalib.

Twalib alikuwa dereva kutoka Malindi, babu yake alitoka Hadhramaut, naye amerithi rangi ya asali, nywele za kulala na pua iliyonyooka kama rula. Alikuwa na miezi michache tu Jeddah. Kiarabu chake kilikuwa "yalla" na "mafi mushkila", twende na hakuna shida, kikaishia hapo. Hakuwa hata mwanachama. Alikuja kula maharagwe yangu. Wakamtoa sahani mkononi wakamwambia agombee.

"Mimi?" akasema. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," Elphas akamwambia. "Una sura ya kusikilizwa."

Wanaume niliwatarajia. Walioniuma ni akina mama. Eucabeth, kijakazi kama Metrine, ambaye Barasa alimfundisha usiku na mchana namna ya kudai siku yake ya kupumzika, akatokeza kichwa juu ya shuka akasema, "Mwanamke mwenzangu, tena wa jikoni kama mimi, tena mweusi kunishinda, atanitetea kwa nini? Mimi nataka mtu wa kuogopwa."

Metrine alikuwa kwenye kiti, amesikia yote. Hakuinuka. Akasema taratibu, na kwa sauti yake hata taratibu ilitetemesha matangi. "Kwa hiyo yule mnayesema anatudharau, ndiye mliyemwachia atuchagulie mwenyekiti? Kafili hajawaomba kura. Mmempelekea wenyewe, kwenye sahani."

Ningekuwa na ngoma ningepiga.

Lakini maneno matamu si kura. Elphas akaamua tupige mlolongo, kama ilivyokuwa kule nyumbani zamani. Walio wadogo niwaeleze: kila mgombea anasimama mahali, na anayemtaka anapanga foleni nyuma yake, mchana kweupe, kila mtu anamwona mwenzake. Ni kura ya watu wenye aibu, kwa maana wanatazama wengi wako wapi ndipo wanakumbuka wanampenda nani. Nyuma ya Twalib mstari ukaenda mpaka matangi, ukazunguka matangi, ukafika mlangoni. Nyuma ya Metrine tulisimama mimi na Zablon, mlinzi mmoja ambaye Barasa aliwahi kumtoa matatizoni, na mwiko wangu.

Basi Twalib akageuka akautazama mstari wake. Akatazama kwetu. Akashika pua yake. "Jamani," akasema, "hii pua mnayoichagua haijawahi kujibu swali la mtu." Akaondoka pale alipo, akapita mbele ya Elphas, akaja kusimama nyuma ya mwiko wangu.

Na mstari ukamfuata!

Naapa. Walikuwa wameambiwa wamfuate Twalib, wakamfuata. Wa mbele akasogea, wa pili akasogea, wa matangi hawakuona kinachotokea wakadhani tunapangwa vizuri, wakasogea, na paa zima likazunguka kama siafu mpaka watu wote wakawa mstari mmoja, na mbele ya mstari huo, amekaa kwenye kiti chenye mikono, Metrine Barasa. Kwa sheria ya mlolongo alikuwa amepita bila mpinzani. Elphas alibaki katikati ya paa amenyoosha kidole cha kuhesabia, hajui akishushe wapi.

Nikapiga kigelegele. Metrine akainua mkono.

"Halas," akasema. "Mimi siingii kwenye kiti kwa kuvutwa na pua ya mtu. Irudiwe."

Mtu mwingine angechukua. Mimi ningechukua, tena mbio. Alikuwa na ushindi mkononi na alijua wakirudia angeweza kuupoteza, maana nyuso zilikuwa zile zile na mioyo ile ile. Nilimvuta abaya nikamwambia, "Wewe mtoto, kaa na chako." Akaniambia, "Shosho, hiki si changu bado."

Hapo ndipo alipolitoa neno la Madam Nawal. Akawasimulia habari ya mama aliyemchagua mtu ambaye hajamwona uso. Mmoja akasema, basi wagombea waongee kutoka nyuma ya shuka, tuwasikie tu. Metrine akacheka. "Sauti mlishaisikia miaka miwili, mkaivisha suruali. Macho yana upendeleo wake, na masikio nayo yana wake." Akanitazama mimi. "Aseme mtu mmoja kwa niaba ya wote. Aseme Shosho. Hana upole wa kumpendelea mtu."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kura ya jikoni, ambayo wageni wakija kwetu huishangaa. Anayetaka uongozi anaingia jikoni kwangu peke yake, ananiambia atafanya nini. Mimi natoka, nasema maneno yao wote kwa mdomo wangu mmoja: wa kwanza anasema hivi, wa pili anasema hivi. Kisha kila mtu anaingia nyuma ya shuka na punje ya haragwe, anaitia kwenye sufuria ya kwanza au ya pili. Na sheria kubwa: atakayeuliza "ni mwanamume au mwanamke?", au "ni wa wapi?", au "anafananaje?", anaosha sufuria zote za siku hiyo.

Siku ile aliyesimama na Metrine alikuwa Elphas, maana Twalib alikwisha rudi kwenye maharagwe yake. Nikatoka. Nikasema wa kwanza anataka fulana za sare na kadi zenye picha, ili tuheshimike. Wa pili anasema kila Ijumaa anataka kuisikia sauti ya kila mwanamke anayelala ndani ya nyumba ya watu, hata ni kukohoa tu, na atakayenyamaza, Jumamosi tunaanza kumtafuta. Niliposema hilo la pili, akina mama walitoka upande wao wakidai punje zao. Watu wakaingia nyuma ya shuka mmoja mmoja. Maharagwe yakalia kwenye sufuria, tii, tii, tii.

Ya pili ilijaa. Nilipolitaja jina la Metrine, Eucabeth akasema kama anayejikuta mahali asipopajua, "Kumbe ndicho nilichokuwa nakitaka." Na Elphas? Elphas akakohoa, akakiri mbele ya watu kwamba haragwe lake mwenyewe liko kwenye sufuria ya pili. "Maneno ya yule yalikuwa mazuri kuliko yangu," akasema. "Sasa nifanyeje?" Tangu siku hiyo nampenda Elphas kama mwanangu, ingawa ndiye aliyeosha sufuria nyingi kuliko mtu yeyote katika Umoja huu.

Madam Nawal alipoambiwa kwamba kijakazi wake ni mwenyekiti, alisimama akamfungulia mlango wa mbele. Kuanzia hapo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana Metrine alikuwa huru, na mara nyingi Madam alimtuma na sinia letu.

Kazi aliyoifanya miaka hii tisa mnaiishi wenyewe. Ule mwito wa Ijumaa umewatoa wasichana mahali ambapo sisi wengine tungesikia habari zao zimeshaharibika. Zablon alipozuiliwa pasipoti, Metrine alimpigia bosi wake simu akasema kweli tupu: "Mimi ni Barasa, mwenyekiti." Upande wa pili ukajibu "Ndiyo, ustadhi" mara kadhaa, na pasipoti ikaja kesho yake ndani ya bahasha safi. Hatukumsahihisha.

Ofisini ilikuwa kazi nyingine. Elphas hakukosea, watu huangalia uso kwanza. Metrine akienda na Twalib, karani humsalimu Twalib, humpa Twalib kiti, humwuliza Twalib habari. Na kila mara Twalib hurudi nyuma hatua moja, anamwonyesha Metrine kwa mkono wote, anasema neno moja alilojifunza kwa ajili ya kazi hiyo: "Mudira." Mkubwa ni huyu. Mara ya kwanza karani alicheka. Siku hizi Metrine akiingia Sharafiya kwenye ofisi zile za kutuma pesa nyumbani, hata wasiomjua wanamwita Mudira na kumsogezea kiti.

Huyu Twalib tumemwomba agombee mara mbili na mara mbili amekataa. Sababu yake haibadiliki. "Siwezi kujua mnanitaka mimi au mnaitaka pua ya babu yangu." Amebaki kuwa dereva wetu wa hiari, mbeba mizigo wetu, mtu wa kusimama hatua moja nyuma. Kumbe na mtu anayependelewa huibiwa. Huibiwa nafasi ya kujua thamani yake.

Sasa, kwa nini Metrine anaondoka akiwa bado na nguvu za kubingirisha pipa? Hapa ndipo damu inaponichemka kwa furaha. Anakwenda kugombea! Mwaka 2027 anautaka uwakilishi wa wadi kwao, na ameshaanza kuongea nao kwa simu jioni. Na wao wameshaanza maneno. Mume wake ni nani? Aliyekuwa yaya Arabuni ataongoza nini? Kaka yake mwenyewe amemwambia kiti kile kina umbo la mwanamume. Metrine akamjibu, "Viti nimevisafisha miaka ishirini na mmoja, bado sijaona chenye umbo hilo."

Ivy alimtengenezea bango. Zuri, jina kubwa, rangi za kuvutia. Lakini alipolifungua kwenye simu tukaona mwanamke wa rangi ya chai ya maziwa. Metrine akauliza, "Huyu ni nani?" Ivy akasema ni wewe, nimekung'arisha kidogo, watu wanapenda hivyo. (Ivy hapa ameacha kuandika. Nimemwambia endelea, kosa lako ni tamu, liache.) Metrine akamshika bega, bila hasira, akamwambia, "Binti yangu, nirudishie weusi wangu wote, usibakize. Wakinikataa wanikatae mimi. Wakinichagua sitaki kurudi kumtafuta huyu mwingine aje kufanya kazi." Bango jipya limetoka. Limekolea kama kahawa isiyo na kitu. Limebandikwa hapa jikoni kwangu, juu ya jiko, na linanitazama nikipika.

Lakini nilikuwa na hofu, nami siifichi hofu. Nilisikia vijana wakisema, Metrine akiondoka tuachane na mambo ya maharagwe, tuchague mtu anayeonekana. Nikasema moyoni, kumbe macho yetu tuliyabadili kwake yeye tu, kwa wengine tuko pale pale. Basi Ijumaa iliyopita tulipofanya kura ya kumpata mrithi, niliingia jikoni na mwiko wangu.

Walikuja watatu, mmoja mmoja. Nikatoka nikasema. Wa kwanza na wa pili walisema vizuri, siwadharau. Wa tatu alisema mikutano ianze na aliyefika juzi, si na wakubwa, kwa kuwa mgeni ndiye anayejua njia imebadilika wapi. Na akasema hakuna mwanamke wa Umoja huu anayerudi nyumbani atakayefikishwa uwanja wa ndege na mtu asiyemjua. Yeye atamsindikiza mpaka mlango ambao hawezi kuuvuka. Kijana mmoja akafungua kinywa, "Ni mwana...", akaona mwiko wangu, akakifunga. Wakaingia nyuma ya shuka la maua. Shuka hilo limechakaa sasa, maua yamekuwa kivuli, lakini zamani lilikuwa la kuwaficha wanawake na sasa linaficha kura ya kila mtu.

Sufuria ya tatu ikajaa mpaka maharagwe yakamwagika.

"Nani?" wakaniuliza.

"Twalib," nikasema.

Alikuwa amesimama nyuma ya wote, karibu na matangi. Hakuja mbele. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mlijua ni mimi?"

"Tungejua," Elphas akasema, "mimi ningekuwa naosha sufuria saa hii."

Yule mwanamume mrefu akacheka, halafu kicheko kikageuka katikati ya njia, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, pua na kila kitu. Metrine akakiburuta kile kiti chenye mikono, ambacho taulo lake limeshakuwa tambara, akakiweka mbele yake. "Kaa," akamwambia. "Leo ni wewe."

Asante, Metrine, kwa kukataa ule mstari wa siafu siku ile. Ungekaa na ushindi wako, tungekuwa na mwenyekiti mzuri na macho yale yale. Asante kwa kila sauti ya Ijumaa uliyoipokea, kwa kila kikohozi. Umoja mzima unakuombea afya, mvua za wakati, ng'ombe wenye nundu, na wapiga kura wenye masikio. Huko hakuna jiko langu wala shuka langu. Huko utasimama mchana kweupe, mfupi, mweusi, mwanamke, na bango lako halitadanganya mtu.

Nenda ukasimame mbele ya mlolongo wao, Mzee wetu. Wakikufuata safari hii, wawe wanakufuata wewe.